Pale Ingobyi Zilipogeuzwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi ya kusugulia sakafu na kipande cha sabuni ya mche. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, maana nilidhani mtu aliyeajiriwa kuwa mwandishi wa vibao vya historia ataanza kwa kuandika. Afisa Utamaduni wa Wilaya ya Biharamulo, mwalimu wa zamani aliyesimama siku zote kama yuko mbele ya darasa, alinipeleka kwa miguu hadi kwenye kibao kimoja kando ya njia iendayo boma la zamani la Wajerumani. Kibao chenyewe hakikuonekana. Kilikuwa kimefunikwa na matangazo ya mganga wa kuondoa mikosi, ya mechi ya mpira na ya mkutano wa injili, tangazo juu ya tangazo.

"Historia ya wilaya iko chini ya hizo karatasi," akaniambia. "Itoe."

Nikasugua mpaka jua likawa la utosi. Shati halikurudi tena kuwa jeupe, na mke wangu alinisema kwa hilo miaka mingi. Lakini herufi zilipoanza kujitokeza, moja baada ya nyingine, niliipenda kazi. Nawasimulia ninyi vijana mnaopita barabarani bila kutazama pembeni, kwa sababu kazi yenyewe imekwisha, na sisi tulioifanya tunakwisha pia.

Mabango mnayoyaona leo ni ya bati, yamechapwa kwa mashine mjini na kupigiliwa kwenye nguzo. Sisi tulijenga. Kibao chetu kilikuwa ukuta mfupi wa mawe, kimo cha kifua cha mtu, uliosimama juu ya msingi wa zege. Upande unaotazama barabara tuliupiga plasta, kisha tukaupaka niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa na maji mpaka ikawa laini kama uji wa mtoto. Herufi zilichongwa kwa patasi wakati niru imeshika lakini haijakauka. Ukiwahi, herufi zinamomonyoka. Ukichelewa, unavunja uso mzima na kuanza upya. Hapo katikati kuna muda mfupi ambao hakuna aliyeweza kunifundisha isipokuwa vidole vyangu, na muda huo nisingemjibu hata Mkuu wa Wilaya akinisalimu. Mmoja alinisalimu kweli, nikanyamaza, akaondoka akidhani mimi ni kiziwi.

Bwana Afisa alikuwa na kanuni zake. Ya kwanza ilihusu urefu wa maneno. "Mwandikie mtu aliye juu ya baiskeli, anayepanda mlima," alikuwa akisema. "Pumzi yake yote iko miguuni. Ukimpa aya nzima atakuacha." Ya pili ilihusu majina. Majina ya watemi tuliyaandika, lakini jina la mtu wa kawaida halikuingia kwenye kibao hata kwa dawa. "Ukimwandika mmoja, kesho kila ukoo utakuja na marehemu wake mlangoni kwangu." Ya tatu ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Tuliiita kuketi. Kabla ya kuchanganya saruji tuliketi kwa wazee wa nyumba mbalimbali, kila nyumba peke yake, bila kuiambia hii yale tuliyoyasikia kule. Yaliyofanana ndiyo tuliyoyaandika. Yaliyotofautiana tuliyaacha, na mengi matamu yalibaki huko.

Kibao cha kwanza nilichokijenga kuanzia msingi kiko Nyabusozi, ninakoishi sasa. Kinaeleza habari za wahunzi wa Kizinza waliofua majembe, na tangu siku kilipokauka kina mama wa jirani wameanika mihogo juu yake. Cha Nyakanazi kilinitesa zaidi. Wazee walisema njia za majembe na chumvi zilikutana sehemu zile, tukajenga pale njia panda, na malori yakakigonga. Nikakijenga tena, yakakigonga tena. Kilipobahatika kusimama, muuza chipsi akakiegemezea meza yake, na madereva wakaanikia taulo. Nilipomlalamikia Bwana Afisa alinitazama juu ya miwani. "Wanakiegemea," akasema. "Wangeweza kukibomoa." Huyo ndiye aliyenilea kikazi. Alistaafu, akarudi kwao, na nilipopata habari za msiba wake walikuwa wameshaanua matanga.

Baadaye nikahamishiwa Ngara. Afisa Utamaduni wa huko alikuwa mwanamke mwepesi wa kucheka, aliyetembea kwa kasi mpaka mafundi wenye miguu mirefu tukabaki nyuma. Siku niliyoripoti hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza kama nimewahi kuliona rundo la mawe la Nyakisasa.

Nilikuwa sijaliona. Alinipeleka mwenyewe. Barabara ya vumbi ilipanda kilima kirefu, na karibu na kilele, ilipoanza kupinda, palikuwa na rundo la mawe kubwa kuliko chungu cha pombe cha harusi. Barabara ililikwepa. Dereva wa greda, ile mashine ya kuchonga barabara, alikuwa akifika pale anainua kisu chake, anazunguka, kisha anaendelea. Wazee walisema kuna mwaka dereva mmoja alishuka, akatafuta jiwe, akaliweka naye juu ya rundo, akapanda mashine yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Tuliketi kwa wazee, nyumba kwa nyumba, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu hakukuwa na la kuacha. Wote walisema jambo moja. Zamani mgonjwa alipelekwa hospitali ya misheni kwa ingobyi, machela ya kusukwa yenye miti miwili, ikibebwa mabegani na wanaume wa kijiji kwa zamu. Kila kijiji kilikuwa na chama chake cha kubebana. Pale kileleni ndipo walipotua kupumzika, na pale ndipo walipomfunua mgonjwa uso kumpa maji. Wakimkuta hai, waliendelea. Wakimkuta amekwisha, waliigeuza ingobyi kichwa kielekee nyumbani, na kabla ya kuinyanyua, mmoja wa nyumba yake aliokota jiwe na kuliweka. Kila jiwe katika rundo lile lilikuwa mtu aliyegeuzwa. Waliobeba ingobyi baadaye walitua pale kimyakimya, na watu wa nyumba hizo wakipita walisimama kidogo, wakagusa jiwe lao, wakaenda.

Afisa wangu hakucheka siku hiyo. Tukiwa njiani kurudi alisema, "Fundi, vibao vyote tulivyojenga ni vya watemi, Wajerumani na mapadri. Hiki kitakuwa cha watu."

Kikwazo kikawa mawe. Mawe mazuri ya msingi yalikuwa mbali, na gari la ofisi lilikuwa juu ya matofali, halina magurudumu. Tulipoitisha kikao cha kijiji, mzee aliyekuwa kiongozi wa chama cha kubebana, Mzee Bonifasi, ndiye aliyesema tutumie mawe ya rundo. "Yaingie kwenye msingi," alisema. "Serikali ikiyajengea nyumba, yatakaa kuliko sisi tutakavyokaa." Watu wakaitikia. Mimi nilitazama mawe yale nikaona ni mazuri, magumu, yanashika saruji vizuri, nikafurahi kama fundi yeyote angefurahi.

Kesho yake nikiwa nachimba msingi alikuja mama mmoja na jembe begani, akitoka shambani. Akasimama mbele ya rundo, akainama, akachomoa jiwe bila kuhangaika kutafuta. Lilikuwa jiwe jeupe, la ukubwa wa papai changa, lenye mshipa mwekundu katikati.

"Hili ni la Feliksia," aliniambia. "Utaliweka wapi, fundi?"

Feliksia alikuwa binti yake wa kwanza. Uchungu wa uzazi ulimshika wakati wa masika, mtoto akakataa kutoka, wakamfunga kwenye ingobyi na kupanda naye kilima kile. Pale juu walipomfunua alikuwa ameshakwisha, yeye na mtoto wake. Mama ndiye aliyeokota jiwe. Kaburi lilikuwa nyumbani chini ya migomba, lakini picha hakuwahi kupigwa, na nguo zake waligawana wadogo zake mpaka zikachakaa. Watu wote walimwita huyo mama kwa jina la mtoto, Mama Feliksia, kama ilivyo desturi kwetu, na waliendelea kumwita hivyo. Sijui alilisikiaje jina hilo kila asubuhi kisimani.

"Likienda kwenye msingi sitaliona," akasema. "Liweke kwa mbele, nikipita balabala nilione."

Kanuni ya majina niliijua. Kanuni ya mawe haikuwepo. Nililipachika jiwe jeupe kwenye uso wa kibao, chini ya herufi, nusu ndani ya plasta na nusu nje. Mawe mengine yote yaliingia chini. Kisha nikachonga maneno aliyonipa Afisa, nikiyahesabia pumzi ya mpanda baiskeli: HAPA INGOBYI ZILITUA. NYINGINE ZILIGEUZWA. HAWATASAHAULIKA. Siku ya uzinduzi padri alinyunyiza maji, kwaya ikaimba, na Mzee Bonifasi alilia bila kujificha. Nimejenga vibao vingi. Hicho ndicho nilichokipenda.

Sasa nitasema jambo ambalo sikuliona upesi. Nilikuwa nikipita pale kukagua nyufa na kurudishia rangi nyeusi kwenye herufi, na mwaka hadi mwaka niliona watu hawasimami tena. Zamani mtu wa nyumba yenye jiwe alisimama, akagusa. Sasa mawe yalikuwa chini ya zege na hakuna wa kulijua lake. Nilimuuliza Mzee Bonifasi, akanijibu bila ubaya wowote, "Si pameandikwa? Anayetaka atasoma." Watoto walijifunzia kusoma pale, hilo ni kweli, na walisoma vizuri. Lakini walisoma kama wanavyosoma pakiti ya sabuni. Aliyesimama alibaki mmoja tu, Mama Feliksia, aliyelifuta jiwe vumbi kwa pindo la khanga kila alipotoka gulioni.

Nilistaafu. Ofisi ilininunulia soda na blanketi, Afisa mpya aliyekuja nyuma ya yule wa vicheko akasema maneno mazuri, akakosea jina langu. Nikarudi Nyabusozi kulima maharage na kusikiliza redio. Vibao havikupata fundi mwingine baada yangu. Nilivisahau kwa kujilazimisha, kama unavyomsahau ng'ombe uliyemuuza.

Kisha siku moja simu ikalia, namba siijui. Ilikuwa sauti ya Mama Feliksia kwa simu ya kuazima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Habari za huko?"

"Balabala inakuja," akasema. "Ya lami. Wamekichora kibao alama ya X."

Mnazijua hizo X za rangi nyekundu. Kila kilichomo ndani ya hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pande mbili isiyoruhusiwa kujengwa, huchorwa X ili kiondolewe: kibanda, ukuta, mgahawa, hata choo. Sikuwahi kufikiri kwamba kibao cha serikali kitachorwa na serikali. Nilipanda basi mpaka Nyakanazi, nikabadilisha pale mbele ya muuza chipsi, na kesho yake nikawa kwenye kambi ya ujenzi.

Mhandisi Mkazi, ambaye ndiye msimamizi wa kazi yote ya barabara, alikuwa kijana kuliko mwanangu wa mwisho. Alinipa shikamoo na kiti, akaagiza chai. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, chai ikanivurugia.

"Mzee, ningekuwa nimekuta kaburi, ningejua la kufanya," aliniambia. "Kaburi tunalihamisha kwa heshima zote, na familia inalipwa fidia. Niliuliza kama kuna mtu kazikwa pale. Wakasema hapana."

"Hakuna aliyezikwa. Walifia pale."

"Hapo sheria haina neno, mzee. Kibao ni mali ya serikali, na kibali cha kukiondoa kimeshatoka wilayani. Kona ile ni mbaya. Tusipoinyoosha, magari yatauana pale."

Nikamweleza habari za jiwe jeupe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama chai yake. Akasema jiwe nilichukue, tena atamwambia mwendesha kijiko, ile mashine ya kuchimbia, anisubiri asubuhi. Nilimshukuru kwa moyo. Nikapita kwa Mama Feliksia, nikamwambia kesho nitamletea jiwe lake nyumbani, akaliweke chini ya migomba. Alinishika mikono yote miwili. Usiku ule nililala kwao Mzee Bonifasi, ambaye alikuwa ameshafariki, na watoto wake walinipokea vizuri.

Asubuhi nilipanda kilima na patasi yangu mfukoni. Nilipofika pale penye kona hapakuwa na kibao. Palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa, na kijiko kimezimwa pembeni. Mwendesha kijiko alikuwa amepata ujumbe, lakini wingu la mvua lilikuwa limemtisha jioni ile, akamalizia kipande chote kabla udongo haujalowa. Kifusi kilikuwa kimeshamwagwa bondeni kuinua tuta la barabara na kushindiliwa. Alishuka, akaniamkia, akaanza kufukua nami kwa mikono. Tulipata vipande vya niru. Nilipata herufi H, nzima, iliyochongwa vizuri. Jiwe jeupe hatukulipata. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia, mzee mzima, na yule kijana akasimama akinikinga nisionwe na wenzake.

Njia ya kutoka pale hadi kwa Mama Feliksia si ndefu, nami niliiomba iwe ndefu. Kando ya njia yalikuwepo mawe meupe mengi, vilima vyetu havina uhaba wake. Nililiokota moja, nikalitazama, nikaliacha. Nilimkuta akipukuchua maharage. Aliitazama mikono yangu, kisha akaendelea kupukuchua.

"Kalibu, fundi. Kaa."

"Mama, nimechelewa. Wamelimwaga na kifusi."

"Liko wapi?"

"Chini ya barabara. Chini kabisa, kwenye tuta."

Akapukuchua mpaka maharage ya kwenye ungo yakaisha. Kisha akauliza kama na mengine yote yako huko, ya kina fulani na fulani, akitaja majina ya nyumba ambazo wenyewe walishaacha kusimama pale. Nikamwambia yote yako huko. Akasema, "Basi hayuko peke yake."

Tangu siku hiyo nimefikiri sana, na kustaafu kunampa mtu muda wa kufikiri kuliko anaoutaka. Rundo lilipokuwa rundo, lilikuwa la watu, na hata mwenye greda alijua cha kufanya akilifikia. Tulipolijengea na kuliandika, likawa la ofisi, na kitu cha ofisi huondolewa na ofisi kwa kibali, bila chuki na bila kelele. Yule Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Afisa wangu alikuwa mtu mwema kuliko wengi niliowahi kuwatumikia, na maneno aliyonipa niyachonge aliyaamini. Inaniuma zaidi kwa sababu hiyo. Kama kungekuwa na mtu wa kulaumiwa ningemlaumu na kulala.

Lami ilipokamilika, Mama Feliksia alinipigia tena, akaniomba niende nikamwonyeshe rundo lilipokuwa. Alikuwa amezeeka ghafla, anatembea kwa mkongojo. Tulipanda kilima polepole, tukipumzika mara kwa mara, mpaka pale ambapo zamani palikuwa na kona. Kona haikuwepo tena. Barabara ilikuwa imenyooka, nyeusi, yenye mstari mweupe, na mfereji wa zege kila upande. Sikuona chochote nilichokijua. Nilitafuta kwa macho mti, kichuguu, jiwe lolote la kunisaidia kupima, nikakuta kwamba miaka yote nilikuwa nikipima kila kitu kutokea kwenye kibao.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni karibu na hapa, mama. Sitakudanganya. Pale penyewe sipajui tena."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa amebeba jiwe. Nilidhani angebeba. Alisimama tu ukingoni, mkongojo mbele yake, akiitazama lami kama anayetazama maji yaliyotulia.

Tukasikia king'ora. Gari la wagonjwa lilitokea chini, upande wa vijijini, likapanda kilima chote kwa mara moja, likatupita. Kupitia kioo nilimwona mwanamke mmoja ameinama juu ya mwingine aliyelala, amemshika mkono. Upepo wa gari ukaivuta khanga ya Mama Feliksia, akaishika. Gari likafika kileleni, likashuka upande wa pili kuelekea hospitali.

"Halikusimama," akasema.

"Halikusimama, mama."

Alibaki akisikiliza mpaka king'ora kikaisha kabisa.

"Vizuri," akasema. "Hii balabala ndiyo niliyokuwa naiomba siku ile."